Waangalieni Ndege: Mwongozo wa Kujifunza Imani Katika Vitu vya Kila Siku kwa Kamera ya Simu

Bwana Yesu asifiwe.

Karibu kila Jumapili baada ya ibada kuna mtu ananisimamisha nje ya kanisa, simu iko mkononi, na swali ninalijua kabla hajafungua mdomo. "Unatumia kamera gani?" Akiondoka huyo anakuja mwingine: "Andiko unalitafuta kabla ya kupiga picha au baada?" Wa tatu huwa ni kijana wa kipaimara: "Huku kwetu hakuna kitu cha kupiga picha, nifanyeje?" Nimejibu kwa mdomo mara nyingi sana, sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Naishi Dodoma, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku: vumbi jekundu, mizabibu, mibuyu, makorongo yanayokaa miezi mingi bila tone la maji. Wewe wa Mwanza una ziwa na dagaa walioanikwa, wa Pwani una ngalawa na nyavu, wa Makete una ukungu na viazi. Hatua ni zile zile.

Kabla ya yote shika jambo moja. Yesu alipofundisha kwa vitu vya kawaida alianza na macho ya wasikilizaji. "Waangalieni ndege wa angani." "Fikirini maua ya mashamba." "Uangalieni mtini na miti mingine yote." Hakuwaambia wakariri fundisho kwanza, kisha wakatafute ndege wa kulipamba. Mwongozo huu wote unasimama hapo: angalia kwanza, somo lifuate. Somo likitangulia, picha inabaki pambo tu, na mtu anayeitazama anajua.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yoyote yenye kamera inayofanya kazi. Ya miaka mingi inatosha, hata yenye kioo kilichopasuka, mradi ufa haupiti juu ya lenzi.
- Kitambaa laini cha pamba. Kipande cha fulana iliyochakaa na kufuliwa ni kizuri kuliko karatasi ya chooni, inayoacha nyuzi na kukwaruza.
- Daftari dogo na kalamu. Najua simu ina sehemu ya kuandikia, lakini ukiifungua kuandika utakuta ujumbe kumi na mbili, na kile ulichokuwa unakiangalia kitakuwa kimekupotea.
- Biblia, ikiwezekana yenye marejeo pembeni. Ukiweza kuazima Itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalipo, kwa mchungaji au mwinjilisti wako, afadhali zaidi.
- Nusu saa kwa siku, siku sita za wiki.

Huhitaji stendi ya kamera, lenzi za kubandika, programu ya kulipia wala bando kubwa. Usinunue chochote mpaka umalize wiki nne za mazoezi haya.

Hatua ya 1: Jiwekee mpaka

Chagua sehemu moja ndogo unayoizoea: njia ya kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala, jiko, ua, au kibaraza cha fundi viatu jirani yako. Kaa hapo wiki nzima, usihame.

Wanaoanza wengi hudhani watapata picha wakisafiri. Ukifika mahali pageni unaona ugeni wake tu. Unapopazoea ndipo unapoweza kugundua kitu ambacho jana hukukiona. Kijana mmoja wa kwaya alikuja kwangu na malalamiko hayo hayo, kwamba kwao hakuna kitu. Nikamwambia apige mlango wa jiko la mama yake siku sita mfululizo. Siku ya nne akainama kufunga kamba ya kiatu, akaona kizingiti cha mbao kimelika katikati, kimebonyea kama bakuli la chakula, kwa sababu ya nyayo za wote walioingia na kutoka tangu babu yake ajenge nyumba ile. Picha aliyoleta ilikuwa ya kizingiti hicho, imepigwa kutoka chini, na mwanga wa asubuhi umejaa ndani ya ule mbonyeo. Chini yake aliandika Zaburi 121:8: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo." Mama yake alikuwa amekikanyaga kila siku tangu aolewe. Alipoiona ile picha alikaa kimya kwa muda, halafu akaanza kutaja majina ya waliopita pale.

Hatua ya 2: Iandae simu

Hii ni kazi ya dakika tano.

Futa lenzi. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu na mistari ya mwanga inayowafanya watu wadhani simu yao ni mbovu. Futa kila unapotoka. Huku kwetu, kwa vumbi hili, futa na unaporudi.

Ingia kwenye mipangilio ya kamera, washa gridi, ile mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama. Itakusaidia picha isiinamie upande mmoja. Zima mmweko (flash). Zima kile kinacholainisha ngozi na kubadilisha sura, kwa sababu hapa tunataka kitu kama kilivyo.

Jifunze pia vitu viwili vya kidole. Gusa skrini mahali unapotaka paonekane vizuri, simu itaelekeza nguvu yake hapo. Kisha, kwenye simu nyingi, utaona alama ndogo ya jua; ivute chini picha iwe na giza kidogo, ivute juu ing'ae. Nakushauri uvute chini mara nyingi zaidi. Kilichoungua kwa weupe hakirudi tena. Kilicho kwenye giza unaweza kukiinua baadaye.

Hatua ya 3: Kaa na kitu dakika tano, simu ikiwa mfukoni

Hatua hii huwa inarukwa, na karibu kila anayeniletea picha isiyosema kitu ameiruka.

Simama au kaa mbele ya kitu kimoja. Usipige. Kiangalie kama unavyomwangalia mtoto mwenye homa, ukitafuta dalili. Kinagusa nini? Kivuli chake kinaangukia wapi? Kimechakaa upande gani, na kwa nini upande huo? Kuna sauti? Kuna harufu? Nani alikishika mwisho?

Ngoja nikuonyeshe. Jirani yangu anauza maandazi. Usiku anakanda unga, anautia hamira, anaufunika kwa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu kwenye ncha, beseni anaiweka karibu na jiko lililozimwa. Mwanzo nilipiga picha ya maandazi yakiwa kwenye karai, yana rangi ya dhahabu, mafuta yanachemka. Ilikuwa picha nzuri, na haikusema lolote. Wiki iliyofuata nikaomba kuja mapema, saa kumi alfajiri, nikakaa na beseni. Kile kitambaa kilikuwa kimeinuka. Usiku kilikuwa kimelala ndani ya beseni, sasa kilikuwa kimevimba juu ya ukingo kama tumbo, yale maua ya bluu yamenyooka, na hakuna mtu aliyekigusa. Nilipiga hicho kitambaa. Unga hauonekani kabisa kwenye picha. Nilipofungua Mathayo 13:33, ule mfano wa chachu aliyoisitiri mwanamke ndani ya unga, nikasimama kwenye neno "akaisitiri". Nilikuwa nimelisoma tangu shule ya Jumapili, ila siku hiyo nililiona likiwa chini ya kitambaa.

Dakika tano zinachosha. Zitimize. Ukihisi umemaliza kuangalia, hesabu pumzi ishirini, halafu angalia tena.

Hatua ya 4: Piga picha tatu tu

Moja kwa mbali, ionyeshe kitu kiko wapi. Moja kwa hatua mbili tatu, kitu chenyewe. Moja karibu kabisa, sehemu moja ya kitu: mkono, ufa, fundo, tone. Piga tatu, kisha acha. Anayepiga thelathini anaahirisha kazi ya kuona, anasema nitachagua nyumbani, na nyumbani zote zinafanana.

Usikuze kwa vidole. Simu nyingi zikikuza zinakata tu picha na kuivuta, ndiyo maana inatoka na chengachenga. Sogea kwa miguu yako.

Kuhusu mwanga nitakaa kidogo, kwa sababu maswali mengi ni ya hapa. Huku karibu na ikweta jua halibembelezi. Linapanda kwa nyuzi kama 15 kwa saa, karibu wima, kwa hiyo ule mwanga mlaini wa asubuhi unakwisha upesi. Kama jua limechomoza saa 12:30, ikifika saa 1:30 mwanga umeshakuwa mkali. Jioni ni hivyo hivyo, saa ya mwisho kabla ya kuzama. Ndani ya saa hizo mbili, mwanga unakuja kwa ubavu, na ubavu ndio unaoonyesha mikunjo, nyufa na vumbi. Saa sita mchana jua liko utosini: ardhi inakuwa bapa, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Mchana ingia kivulini, chini ya mbuyu, barazani, au karibu na dirisha.

Ngozi zetu nyeusi nazo zina jambo lake. Ukimsimamisha mtu mbele ya anga jeupe, simu itaangalia anga na kumfanya yeye kuwa kivuli. Usimng'arishe baadaye kwa programu mpaka awe wa majivu. Mgeuze, au geuka wewe, mwanga umwangukie usoni, kisha gusa uso wake kwenye skrini.

Jaribu zoezi hili asubuhi moja. Fungua mlango jua linapoingia, zima taa zote ndani, mwombe mtu afagie. Simama pembeni, ukuta wenye giza uwe nyuma ya mwanga. Vumbi litasimama hewani kama moshi, kila chembe ikimeta. Vuta alama ya jua chini hadi ukuta uwe mweusi, piga. Kisha soma Luka 15:8, yule mwanamke mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja. Anawasha taa, anafagia nyumba. Waliotafsiri Biblia ya Union waliiita fedha ile "shilingi", na mimi nawashukuru, kwa sababu nikisoma hapo naona uvungu wa kitanda cha bibi yangu. Ukiwa umesimama ndani ya lile vumbi utaelewa kutafuta kunagharimu nini: nyumba nzima inachafuka hewa kabla kitu hakijaonekana.

Hatua ya 5: Muulize mwenye kazi

Kama ulichopiga ni kazi ya mtu, usiandike fundisho kabla hujamuuliza. Hili nilifundishwa shambani.

Dodoma tunalima zabibu, Hombolo, Mpunguzi, Bihawana na kwingineko, na mizabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Nilikwenda shamba moja siku ya kupogoa. Matawi yalikuwa yamelala chini marundo marundo, na mizabibu imebaki visiki vifupi vilivyofungwa kwenye waya. Nikapiga. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza mahubiri: haya yaliyokatwa ni yale yasiyozaa, ndiyo maana yametupwa.

Nikamsogelea mwenye shamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepata picha?"

"Nimepata. Haya uliyoyatupa ndiyo yaliyokataa kuzaa?"

Akaokota tawi moja, akanionyesha vikonyo vilivyokauka palipokuwa na vichala. "Haya ndiyo yaliyozaa. Yaliyozaa ndiyo nakata. Naacha macho mawili, matatu, hapo ndipo patatoka tawi jipya la kuzaa. Nikiyahurumia nitavuna majani."

Kisha akanishika bega, akanielekeza kwenye jeraha la kisiki alichotoka kukata. Tone la maji safi lilikuwa limejaa pale, likadondoka, likajaa jingine. "Unalia," akasema. "Utalia siku kadhaa, halafu utachipua."

Niliporudi nyumbani nikasoma Yohana 15:2 polepole: "Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa, na kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Nusu ya pili ya mstari nilikuwa nimeipita maisha yangu yote. Wakati huo nilikuwa nimevuliwa jukumu fulani kanisani nililolipenda na kulifanya vizuri, na nilikuwa nimejihesabu kama tawi lililotupwa. Picha ya marundo niliifuta. Niliyoibakiza ni ya lile tone.

Kwa hiyo uliza. Uliza fundi viatu kwa nini katambuga za tairi zinakatika kisigino kabla ya mkanda. Uliza mama muuza mboga kwa nini ananyunyizia maji mchicha na nyanya anaziacha. Majibu yao ni mazito kuliko tunayobuni sisi.

Hatua ya 6: Andika mistari mitatu kabla ya kufungua Biblia

Kwenye daftari, siku ile ile:

Naona: kitu kilivyo, bila maana yoyote. "Tone la maji kwenye kisiki cha mzabibu, limekatwa kwa mshazari."

Nashangaa: kitu usichokitarajia. "Kilichokatwa ni kilichozaa."

Najiuliza: swali lako, la kweli, la maisha yako. "Kwa nini nilidhani nimetupwa?"

Mstari wa kwanza ndio mgumu. Wengi wanaandika "Naona neema ya Mungu". Hapana. Kamera haikuona neema, iliona tone. Neema utaizungumza, ila anza na tone.

Hatua ya 7: Tafuta andiko, soma sura nzima

Chukua jina la kitu (taa, mlango, chumvi, kamba, mkate, kisima) ulitafute kwenye Itifaki au kwenye Biblia ya simu. Utapata mistari mingi. Chagua miwili, usome sura nzima ya kila mmoja. Kumbuka majina ya Biblia si ya mtaani: hamira utaipata kwenye "chachu", ghala lipo, stoo halipo.

Hapa nina onyo, na nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila siku kwenye stetasi za ndugu zangu.

Watu hupiga mche mdogo wakaandika Ayubu 8:7, kwamba mwanzo wako ujapokuwa mdogo, mwisho wako utaongezeka sana. Anayesema maneno hayo ni Bildadi, rafiki wa Ayubu, akimwambia mtu aliyefiwa na wanawe kwamba akiwa safi mambo yatamnyookea. Na katika Ayubu 42:7 Mungu anamwambia Elifazi, rafiki mwingine wa Ayubu, kwamba amemkasirikia yeye na rafiki zake wawili, Bildadi akiwemo, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Watu hupiga jua linachomoza wakaandika Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mstari wa kumi, ulio juu yake tu, unasema miaka 70 itimie kwanza kule Babeli. Sura ile ni barua ya Yeremia kwa watu waliohamishiwa Babeli, na wengi waliosomewa walizeeka na kufa uhamishoni. Haimaanishi usiutumie. Utumie ukijua ni neno kwa watu walioambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini, wasubiri. Labda picha yake si mawio, ni mtu anayepanda mwembe.

Hatua ya 8: Andika somo fupi, la kwako

Sentensi tatu hadi tano. Ya kwanza iseme kilichopo kwenye picha. Katikati liwe andiko. Ya mwisho iseme linakugusa wewe wapi, kwa "mimi" au "sisi". Epuka "ndugu yangu, wewe unaye..." Aliyeona ni wewe, na aliyeambiwa kwanza ni wewe.

Kipimo changu: funika maandishi kwa kiganja, mwonyeshe mtoto picha, muulize anaona nini. Akitaja kile ambacho somo lako linakitegemea, umefaulu. Akitaja kingine, badilisha picha au badilisha somo.

Hatua ya 9: Nyoosha, chagua moja, tuma

Nyoosha mstari wa upeo kwa gridi, kata kisichohitajika ukingoni, ongeza mwanga kidogo pakiwa na giza. Basi. Usibandike njiwa, msalaba unaong'aa wala miale ya kutoka mawinguni. Andiko liandike chini ya picha, usilichape juu ya kitu chenyewe. Maandishi ya njano katikati yanaziba kile ulichokaa dakika tano kukiona.

Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza ubora. Kama kanisa linataka kuichapa au kuionyesha ukutani, itume kama hati. Na tuma moja kwa wiki, sio saba.

Onyo kuhusu watu

Hapa nilikosea, na kosa hilo limenifundisha kuliko picha zangu zote nzuri. Niliwahi kumpiga bibi mmoja kwa nyuma, amebeba ndoo ya maji kichwani, anapanda njia ya mawe jioni. Mwanga ulikuwa mzuri sana. Nikaandika chini yake Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo," nikaituma kwenye kundi la jumuiya. Mkwe wake akaitambua kanga, akamwonyesha. Bibi akaniita.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nasumbuka?"

Siku ile ilikuwa ya furaha kwake. Mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara kesho yake, na maji yale yalikuwa ya kupikia wageni. Alikuwa amewakatalia wasichana wasimsaidie kwa sababu alitaka kuyabeba mwenyewe. Nami nimemtangaza kwa watu mia na zaidi kuwa mfano wa waliolemewa. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale niliowatumia, nikafuta picha.

Tangu hapo nafuata mambo haya bila kulegeza:

- Naomba ruhusa kabla, na naonyesha picha na maneno kabla sijatuma. Akisema hapana, ni hapana, hata kama ni picha ya mwaka. Hili ni suala la sheria pia: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019.
- Mtoto sipigi bila mzazi kukubali. Mgonjwa, mfiwa na anayepokea msaada sipigi kabisa. Mathayo 6 inakataza kupiga panda, yaani tarumbeta, mbele ya sadaka zetu, na simu siku hizi ndiyo panda.
- Wakati wa sala, meza ya Bwana na ubatizo, simu inakaa mfukoni isipokuwa mchungaji amekupa kazi hiyo.
- Sisogei na kamera karibu na kambi za jeshi, vituo vya polisi na majengo ya ulinzi. Askari akikwambia acha, acha.

Yakikwama

*Picha zina ukungu.* Futa lenzi. Bado? Ulisogea mno, rudi nyuma kwa shubiri moja, gusa skrini, subiri ikae sawa, ndipo upige. Bado? Mkono unatikisika kwa sababu mwanga ni mdogo. Bana viwiko kwenye mbavu au egemea ukuta.

*Anga limekuwa jeupe tupu.* Gusa anga kwenye skrini, vuta alama ya jua chini. Au inamisha simu, anga lisiwemo.

*Kila siku napata somo lile lile, "Mungu ni mwema".* Ni kweli, Mungu ni mwema, ila umeruka mstari wa "Nashangaa". Rudi hatua ya 6. Au sogea karibu zaidi: watu wanaopiga kwa mbali tu hupata masomo ya mbali.

*Nikikaa dakika tano barabarani watu wananishangaa.* Wasalimie, waambie unachoangalia. Mara nyingi wanakaa nao. Picha yangu ya shomoro wanaookota punje chini ya mizani ya muuza mahindi nilionyeshwa na mwendesha bodaboda aliyekuja kuniuliza nimepoteza nini.

*Nimepata andiko zuri lakini sina picha yake.* Liandike nyuma ya daftari, uliache. Usitoke kwenda kuliwinda.

*Nina picha, sina somo.* Iache pia. Hili linawasumbua watu wengi, wanaona wameshindwa, wanalazimisha. Nina picha moja niliyopiga mwezi wa tisa kwenye korongo kavu. Mama amepiga magoti mchangani, amechimba kisima cha kina cha mkono wake, anachota kwa kata. Nilikaa naye muda mrefu. Akichota mara moja maji yanachafuka, anasubiri mchanga utulie, yanajaa tena kidogo kutoka chini, meupe, anachota, anasubiri. Ndoo ya lita 20 ilichukua zaidi ya nusu saa. Alinipa ruhusa, aliiona picha, akaipenda. Nimeshafungua mistari mingi ya visima na chemchemi, na hakuna hata mmoja ulionitosha. Kwenye daftari, mbele ya "Naona" nimeandika mistari sita, mbele ya "Nashangaa" miwili, na mbele ya "Najiuliza" kuna tarehe tu.